Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Uhifadhi: Siku ya Sita Mlimani

Kwa Mheshimiwa Kamishna wa Uhifadhi,
Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania.

Mheshimiwa,

Nakuandikia waraka huu hadharani, si kwa nia ya kumshitaki mtu, bali kwa kuwa jambo lenyewe lawahusu wengi ambao hivi sasa wangali majumbani mwao, wakihesabu siku na fedha kabla ya kufunga mizigo kuuelekea Mlima Kilimanjaro.

Ashikaye njia ya Marangu hulala kwanza Mandara, mita 2,700 juu ya bahari. Usiku wa pili hulala Horombo, mita 3,720. Na siku ya tatu, ikiwa safari yake ni ya siku tano, hufika Kibo, mita 4,720, akajinyoosha saa chache tu kabla ya kuamshwa usiku wa manane aukabili mwinuko wa changarawe uendao kilele cha Uhuru, mita 5,895. Tabibu wa maradhi ya mwinuko huusia kwamba apitaye mita 3,000 asizidishe zaidi ya mita 500 hivi baina ya malazi ya usiku mmoja na wa pili. Ratiba hii yamzidishia elfu kamili.

Nami niliichagua ratiba hiyo kwa unafuu wa gharama. Pale Kibo nilimwona sahibu yangu, mtu wa miraba minne, ameshika kikombe kwa mikono miwili na chai ikimmwagikia magotini, akiulizwa leo siku gani asijue; na wapagazi wawili, waliokwisha kutubebea mizigo tangu alfajiri, ndio waliomshika kwapa huku na huku wakamteremsha gizani hadi Horombo. Alipofika huko akili zilimrejea, alhamdulillahi, kwani dawa yake kubwa ilikuwa kushuka.

Ilhali wenye siku sita hulala Horombo usiku wa ziada: mchana hupanda hadi kwenye miamba yenye milia kama ya pundamilia, kisha wakarudi kulala pale pale walipolala jana, na mwili ukapata wasaa wa kuizoea hewa haba.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, siku sita ziwe ndicho kima cha chini kwa njia hii. Na madhali ada ya hifadhi hutozwa kwa siku, ile ya siku ya mapumziko isamehewe, au walau ipunguzwe, ili mwenye mfuko mwembamba asilazimike kuiuza afya yake. Wala wapagazi wasipunjwe ujira wa siku hiyo, maana nao wana vifua kama sisi.

Waongozaji wetu humwambia kila mgeni "polepole" tangu langoni hadi kileleni. Nakusihi neno hilo liandikwe pia katika kibali.

Wasalaam,
Msafiri wa njia ya Marangu