Mchango wa Wengi, Safari ya Wachache

Fedha iliyotolewa na watu wengi kwa jambo moja ina tabia yake, mbali na fedha ya mtu mmoja. Fedha ya mtu mmoja hufuata matakwa ya mwenyewe. Akipenda hununulia shamba, akipenda huitupa ziwani, na lawama ni yake peke yake. Fedha ya wengi huchukua ndani yake jasho la kila aliyetoa, na kila aliyetoa ana haki ya kuuliza imekwenda wapi, imemchukua nani, na imerudi na nini. Kanuni hii ni nyepesi hata mtoto huielewa. Hata hivyo huvunjwa mara nyingi, na huvunjwa zaidi pale ambapo kazi inayochangiwa ni njema, maana wema wa kazi hufunga vinywa vya waulizaji.

Mfano wa jambo hili ni michango ya parokia za mashambani kwa ajili ya kuwapeleka vijana Wakatoliki kwenye makongamano. Chukua Buganguzi, katika wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Hii ni nchi ya migomba na mibuni, na kibanja ndicho mama wa nyumba. Fedha huingia kwa msimu, kahawa inapovunwa. Kati ya msimu na msimu mfuko hukauka. Kongamano haliulizi msimu. Likiwa la jimbo, mjini Bukoba, kijana huhitaji nauli na chakula. Likiwa la taifa, Dar es Salaam, mwendo hupita kilomita 1,000. Likiwa la Siku ya Vijana Duniani, iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1985, bahari huingia kati: mikutano mikuu ya siku hiyo, tangu Buenos Aires mwaka 1987 hadi Lisbon mwaka 2023, haikufanyika hata mara moja katika ardhi ya Afrika, na ule wa mwaka 2027 ulipangiwa Seoul. Kwa mtoto wa mkulima safari zote tatu ni ndugu, kwa kuwa hakuna hata moja anayoiweza bila mkono wa wengine.

Wapo wasemao kwamba safari hizi ni anasa, na kwamba parokia yenye darasa linalovuja haina haki ya kulipia nauli ya vijana. Hoja hii ina sura ya busara, lakini wasemaji wake huikumbuka siku ya kongamano tu. Watu hao hao huketi katika kamati za harusi, wakachangia ukumbi, mavazi, vinywaji na muziki wa usiku mmoja, na katika kamati hizo hasikiki hata mmoja akilitaja darasa linalovuja. Ikiwa jamii inaweza kukusanya mamilioni ili watu wale wakashibe mpaka alfajiri, ni uchoyo gani unaoiona nauli ya kijana kuwa ni hasara?

Tena historia ya nchi hii inawakana. Laurean Rugambwa alizaliwa Bukongo mwaka 1912, kati ya migomba ile ile. Alivuka mpaka kwenda kusoma katika seminari ya Katigondo, Uganda. Akapewa upadri mwaka 1943. Akaenda Roma kuongeza elimu. Akawa askofu wa Rutabo. Na mwaka 1960 akafanywa Kardinali, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupata daraja hiyo. Aliyemwona kijana yule akiondoka Buhaya hakuweza kuhesabu kwa vidole faida ya safari yake. Mwaka 1925, huko Ubelgiji, padri Joseph Cardijn alikianzisha chama cha vijana wafanyakazi Wakristo, akiwafundisha kuona, kisha kuamua, kisha kutenda. Kuona kumetangulia. Kijana asiyevuka kilima cha kwao huamua kwa macho ya wengine, na akitenda hutenda kwa kuiga. Basi vijana na waende. Juu ya hilo hakuna ubishi wa haki.

Ubishi wa haki ni juu ya njia ya kuwapeleka, na hapa watetezi wa safari wana deni kubwa kuliko wapinzani wao. Mchango ulio mwema hapo kale ulikuwa mkungu wa ndizi, jogoo, au kikapu cha maharage kilichoachwa mbele ya altare na kununuliwa kwa mnada baada ya misa. Aliyeleta hakutangazwa, na aliyenunua alirudi nyumbani na chakula. Siku hizi imeingia desturi nyingine. Hualikwa mgeni rasmi. Kipaza sauti hupewa mshereheshaji hodari wa maneno. Majina husomwa pamoja na kiasi. Mtoaji wa bahasha nene hupigiwa vigelegele, na mwenye sarafu husubiri watu watawanyike ndipo aikaribie meza. Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Katika uwanja wa kanisa methali hiyo imegeuzwa kichwa chini miguu juu, na imegeuzwa mahali ambapo husomwa habari ya mjane aliyetia vipande viwili vya fedha akahesabiwa kuwa ametoa kupita wote.

Ubaya wa desturi hiyo hauishii katika aibu. Kila kaya ikipangiwa kiasi na siku ya mwisho, na siku hiyo ikaja kabla ya mavuno, maskini hana mlango ila mmoja, nao unajulikana Kagera nzima kwa jina la butura: kuiuza kahawa ingali mbichi mtini, kwa bei ya kumfurahisha mnunuzi na kumliza mwenye shamba. Baba anayeingia katika butura ili asitajwe kwa ubaya mbele ya jumuiya yake hakutoa sadaka. Ametozwa kodi, na aliyetajirika ni mlanguzi. Parokia inayohubiri dhidi ya dhuluma Jumapili na kuwasukuma watu wake katika dhuluma Jumatatu, inayabomoa kwa mkono wa kushoto yaliyojengwa na wa kulia. Serikali zenyewe zilikwisha kuiona hatari ya kuchanganya hisani na shinikizo: Kenya, iliko zaliwa harambee, ilitunga sheria ya maadili ya watumishi wa umma mwaka 2003, ikawakataza kutumia vyeo vyao kukusanya michango hiyo. Haifai kanisa liwe nyuma ya bunge katika jambo la dhamiri.

Linakuja sasa swali lililo kubwa: nani husafiri? Mara nyingi hutajwa kwanza mtoto wa mwenyekiti wa kamati, kisha mtoto wa mfadhili, kisha yule ambaye mzazi wake angeweza kumlipia nauli bila kumwomba mtu. Binti wa mjane, anayefagia kanisa kila Jumamosi na kuongoza kwaya, huambiwa angojee zamu nyingine. Wenye kutenda hivi hujitetea kwamba mfadhili akikosa kiti kwa mtoto wake atafunga mkono. Na aufunge! Mtu anayetoa ili apate kiti amenunua tikiti, wala kununua tikiti si dhambi; afanye hivyo dirishani kwa wauza tikiti, asipitie mfuko wa maskini na kuiita sadaka.

Mtume Paulo aliwakusanyia maskini wa Yerusalemu mchango katika makanisa ya mbali. Katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho alitaka kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, bila kulazimishwa, na akawatuma pamoja na fedha ile watu walioaminiwa na makanisa, ili asiwepo wa kumlaumu. Ikiwa mtume alijiona anahitaji mashahidi, mweka hazina wa parokia ni nani hata audhike akiulizwa daftari?

Dawa ya maradhi haya haitafutwi mbali. Kiasi kisipangwe kwa kaya. Sanduku liwekwe, na mazao yapokewe kwa heshima sawa na noti. Wasafiri wachaguliwe na jumuiya ndogondogo, ambako kila mtoto anajulikana kwa matendo yake, na jina la mzazi lisiwe na uzito. Vijana wenyewe, wanaokwenda na wanaobaki, wachume kahawa kwa ujira, wafyatue matofali, wasombe mchanga, ili sehemu ya nauli itoke mikononi mwao. Hesabu isomwe kanisani, shilingi kwa shilingi, kabla ya safari na baada yake. Na kila msafiri akabidhiwe kwa mtu mzima mmoja anayetajwa kwa jina, maana hata Yesu mwenye miaka 12 alikosekana kwa siku tatu kwa sababu wazazi wake walidhani yumo katika msafara, miongoni mwa jamaa.

Sharti la mwisho ndilo lililo zito kuliko yote. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kijana aliyepelekwa na wengi ni mjumbe, na mjumbe asiyerudisha habari ameiba safari. Azunguke jumuiya moja hata nyingine, aseme kwa Kiswahili na kwa Kihaya, ili bibi aliyetoa mkungu wake wa pekee ajue mkungu ule ulifika wapi, ulisikia nini, na umeleta nini Buganguzi. Siku bibi huyo atakapoweza kumwuliza kijana maswali mbele ya watu, na kijana akalazimika kumjibu, mchango utakuwa umepata mwenyewe. Kabla ya siku hiyo, kila kipaza sauti kinachopigiwa kelele uwanjani kinawaomba wengi wawalipie wachache matembezi yao.