Nyimbo za mapenzi za Kamaru zisichujwe

Tangu Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, Murang'a, alipofariki Oktoba 2018 akiwa na umri wa miaka 79, nyimbo zake zimekuwa zikikusanywa na kutolewa upya. Mjukuu wake, ambaye pia ni mwanamuziki, ameshiriki kazi hiyo. Ni jambo la kupongezwa. Lakini tukikusanya nyimbo zake za mapenzi, tutateua zipi?

Aghalabu mkusanyaji huchagua zinazobembeleza, akaziacha zinazochoma. Kufanya hivyo ni kumpotosha Kamaru. Wimbo wake "Ndari ya Mwarimu", yaani kipenzi cha mwalimu, uliotolewa enzi ya Rais Jomo Kenyatta, ulimsuta mwalimu amtongozaye mwanafunzi wake. Walimu walighadhibika, wakataka upigwe marufuku. Hata hivyo, ukweli haukufichika. Miaka mingi baadaye, Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 iliweka adhabu: mwalimu anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi afanye naye ngono hufungwa kwa muda usiopungua miaka 10.

Waama, wimbo huo nao ni wa mapenzi, kwani unabainisha mpaka ambao mapenzi hayapaswi kuuvuka. Shule za Nyeri, Karatina na Murang'a hufunza fasihi simulizi, na hazina hii imo mlangoni mwao. Mwalimu na awasikilizishe wanafunzi wimbo huo, kisha wauchambue pamoja. Anayeuonea haya, heri ajiulize sababu.