MASHAURI YA NYUMBA: Karatasi ina nguvu kuliko kufuli



Mji wetu wa Kamina ulikuzwa na reli. Njia ya kutoka Bukama kwenda Ilebo, inayopita hapa, ilimalizika mwaka wa 1928. Mwaka wa 1956 ikafuata ile ya Kabalo. Mwaka wa 2015 Kamina ukawa mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami. Kila mara wageni waliongezeka, nao walihitaji mahali pa kulala. Ndiyo maana baba wengi hutumia akiba yao kujenga vyumba viwili vitatu vya kupangisha. Ni jambo jema, ila ugomvi mwingi huanzia hapo. Basi leo tunajibu maswali matatu yanayoulizwa mara kwa mara.

SWALI: Nimenunua kiwanja. Ninayo barua ya muuzaji na fishi ya mtaa. Je, lupango hii ni yangu?

JIBU: Bado hujamaliza safari. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni mali ya Serikali. Watu hupewa haki ya kuutumia, na Mkongomani aweza kupewa haki isiyo na mwisho. Lakini haki hiyo huthibitishwa kwa hati moja tu, ndiyo cheti cha kuandikishwa, kinachotolewa na ofisi ya hati za ardhi. Barua yako na fishi zitakusaidia kukiomba. Haziwezi kushika nafasi yake. Tena, kabla ya kutoa fedha, ukaulize katika ofisi hiyo kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani. Wako watu wanaouza kiwanja kimoja mara mbili.

SWALI: Mpangaji wangu hajalipa kwa miezi minne. Naweza kung'oa mabati ili atoke?

JIBU: La, hasha! Nyumba ni yako, lakini kumtoa mtu kwa nguvu ni kazi ya hakimu. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 yataka mapatano ya kupangisha yaandikwe. Yakataza pia kudai dhamana inayopita kodi ya miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa. Dhamana si zawadi: mpangaji akiondoka, hurudishiwa, baada ya kukatwa madeni na gharama ya vitu alivyoharibu. Basi mwandikie mpangaji wako barua, ukitaja deni lake na siku ya mwisho ya kulipa. Asipolipa, peleka shauri mbele ya ofisi ya makao ili mpatanishwe; mkishindwa kupatana, nenda kwenye Tribinali ya Amani. Na kila mwezi mpe aliyelipa stakabadhi, nawe ubaki na nakala. Asiye na maandishi atasema nini mbele ya hakimu?

SWALI: Mume wangu amefariki, na ndugu zake wataka kunitoa nyumbani pamoja na watoto. Wana haki?

JIBU: Hawana, mama. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yawapa watoto wa marehemu robo tatu za urithi. Ndugu za marehemu wana sehemu katika robo iliyobaki, pamoja na mjane na wazazi. Tena mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa na mumewe. Hata Maandiko Matakatifu yamekataza kabisa kumwonea mjane na yatima.

Lakini sikilizeni vema, ninyi mlio na waume na wake walio hai. Ndoa mliyofunga mbele ya padri ni sakramenti takatifu. Hata hivyo, mbele ya Serikali haitoshi. Ni lazima ndoa iandikishwe pia katika ofisi ya etasivili. Mjane asiye na karatasi ya ndoa atapata taabu kubwa kumwonyesha hakimu kwamba alikuwa mke.

Kwa hiyo, baba mwenye vyumba vya kupangisha, tazama kama unavyo vitu vinne: cheti cha kiwanja, mapatano na mpangaji, daftari la stakabadhi, na karatasi ya ndoa. Mwonyeshe mkeo mahali vinapowekwa. Kinachokosekana, anza kukitafuta ungali mzima, wala usiwaachie yatima mzigo huo.