Udhibiti usio na meno hauzuii ada za bima ya afya kupanda

MTU anayelipia bima ya afya hana nguvu ya kujadiliana bei. Akikataa nyongeza, atabaki bila kinga, na ugonjwa haumngoji mtu apate fedha. Ndiyo maana suala la iwapo serikali inafaa kuingilia kati ada zinapopandishwa limezua mvutano mkali, hasa nchini Marekani.

Mapema 2010, kampuni ya Anthem Blue Cross ilitangaza kuwa ingepandisha ada za baadhi ya wateja wake jimboni California kwa hadi asilimia 39. Afisa msimamizi wa bima jimboni humo hakuwa na uwezo wa kukataa nyongeza hiyo kwa sababu tu ni kubwa mno. Alichoweza ni kuagiza hesabu zikaguliwe na mtaalamu huru. Ukaguzi huo ulipofichua makosa, kampuni iliondoa ombi lake.

Kisa hicho kilimpa Rais Barack Obama silaha alipokuwa akipigania sheria ya afya aliyoitia sahihi Machi mwaka huo. Kuanzia Septemba 2011, kampuni zilizotaka kuongeza ada kwa asilimia 10 au zaidi zililazimika kueleza sababu hadharani. Kiwango hicho kiliinuliwa hadi asilimia 15 kuanzia 2019. Aidha, kampuni zinazowauzia bima watu binafsi sharti zitumie angalau asilimia 80 ya ada kugharimia matibabu na kuboresha huduma, la sivyo ziwarejeshee wateja tofauti.

Hata hivyo, serikali ya shirikisho haikupewa uwezo wa kuzuia nyongeza. Jukumu hilo liliachiwa majimbo, na si yote yaliyo na sheria ya kuyawezesha. Novemba 2014, wapigakura wa California walikataa pendekezo la kumpa afisa wa bima mamlaka hayo, baada ya kampuni za bima kutumia mamilioni ya dola kulipinga.

Wapinzani wa udhibiti wana hoja. Bei za dawa na huduma za hospitali zikizidi kupanda huku ada zikizuiwa, kampuni zitahama soko na mteja atakosa pa kukimbilia. Lakini hoja hiyo haitoshi kuhalalisha usiri.

Wakenya wana funzo hapa. Mnamo 2010, mpango wa kupandisha michango ya NHIF ulipingwa mahakamani na chama cha wafanyakazi, COTU. Viwango vipya vilianza Aprili 2015, kiwango cha juu kikitoka Sh320 hadi Sh1,700 kwa mwezi. Tangu Oktoba 2024, SHIF hukata asilimia 2.75 ya mshahara bila kikomo. Anayepata Sh100,000, ambaye NHIF ilimtoza Sh1,700, sasa hukatwa Sh2,750, na wa Sh200,000 hukatwa Sh5,500.

Kwa mfumo huu mchango hupanda kila mshahara unapoongezwa, bila yeyote kutakiwa kujieleza. Isitoshe, serikali ndiyo inayotoza na ndiyo inayoweka kanuni za kutoza. Hakuna kampuni ya kuitwa mbele ya msimamizi.

Kwa hivyo, jambo dogo kabisa ambalo Bunge linapaswa kudai ni hesabu ya wazi, kila mwaka, ya kiasi kilichotumika kwa matibabu katika kila shilingi iliyokusanywa. Mfanyakazi hawezi kukataa kukatwa, lakini ana haki ya kujua pesa zake zilikokwenda.