Ukali wa Wanasiasa Hauwalindi Waingereza

Waingereza wengi wanaamini, na huku kwetu wapo wengi wanaokubaliana nao, kwamba mwanasiasa anayerefusha vifungo anawalinda raia, na anayehoji urefu huo anawadekeza wahalifu. Imani hiyo ni potofu. Imewaharibia maisha maelfu ya watu, imejaza magereza hadi yakashindwa kufanya kazi, na waathiriwa wa uhalifu inaodai kuwatetea haikuwapa usalama wala haki.

Mashindano ya ukali yalishika kasi mwaka 1993. Nchi ilikuwa bado na majonzi ya mtoto wa miaka 2 aliyeuawa na wavulana wawili wa miaka 10. Michael Howard, Waziri wa Mambo ya Ndani, alisimama mbele ya mkutano wa chama chake cha Conservative akatangaza kwamba jela ndiyo dawa. Tony Blair wa Labour naye alikuwa akiahidi ukali dhidi ya uhalifu na vyanzo vyake. Tangu hapo hakuna kiongozi aliyetaka kuonekana mlegevu. Wakati huo England na Wales zilikuwa na wafungwa wapatao 45,000. Leo wanakaribia mara mbili ya idadi hiyo.

Matunda machungu kuliko yote ni kifungo kinachojulikana kama IPP, kilichotungwa na sheria ya mwaka 2003 chini ya Waziri David Blunkett na kuanza kutumika 2005. Jaji alitaja kima cha chini, tuseme miaka 2. Kikiisha, mfungwa hakutoka mpaka Bodi ya Parole iridhike kwamba si hatari tena. Ili bodi iridhike, alitakiwa apitie kozi za kurekebisha tabia. Kozi hizo zilikuwa na foleni ndefu, na kuna magereza ambayo hazikuwepo kabisa. Mtu alidaiwa uthibitisho kwamba amebadilika, huku akinyimwa njia ya kuutoa. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba huko ni kumnyima mtu uhuru kiholela.

Serikali ilitarajia adhabu hiyo iwaguse watu 900 hivi. Waliohukumiwa walifika 8,711, na zaidi ya 90 kati yao wamejiua gerezani. Bunge liliifuta mwaka 2012, lakini kwa kesi za baadaye tu. Waliokwisha kuhukumiwa wakaachwa humohumo. Yupo aliyepora simu, akahukumiwa kima cha chini cha miaka 2 miezi michache kabla ya adhabu hiyo kufutwa, na mwaka wa 12 ukamkuta bado mfungwa. Blunkett mwenyewe amesema hadharani kwamba anajuta. Mwaka 2022 Kamati ya Haki ya Bunge ilishauri wote wahukumiwe upya. Serikali ya Conservative ilikataa, na ya Labour iliyofuata ikakataa vilevile.

Wamekataa kwa sababu ukali hauna gharama siku unapotangazwa. Waziri hupigiwa makofi leo. Gharama huja miaka kumi baadaye na kumwangukia mwingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hapa mwenzio ni mfungwa asiye na kura. Kumfungua, kwa upande mwingine, kuna hatari ya papo hapo: mmoja tu akirudia kosa, picha yake itatawala kurasa za mbele za magazeti, na ya waziri pembeni yake.

Watetezi wa ukali watasema uhalifu umepungua sana tangu katikati ya miaka ya 1990. Ni kweli. Lakini ulipungua pia Uholanzi, ambako wafungwa walipungua hadi serikali ikafunga magereza na kuwakodishia Wabelgiji na Wanorwe nafasi zilizobaki. Anayesema jela ndiyo iliyoleta nafuu Uingereza atueleze ni nini kilicholeta nafuu huko.

Atueleze pia kilichotokea tarehe 10 Septemba 2024. Siku hiyo wafungwa wapatao 1,700 waliachiwa kabla ya wakati wao kwa sababu magereza yalijaa pomoni. Mpango ulitangazwa Julai, ukatekelezwa Septemba. Huko ndiko miaka thelathini ya ukali ilikofika: kufungua milango kwa haraka, bila maandalizi ya kutosha.

Mhalifu huogopa kukamatwa kuliko anavyoogopa idadi ya miaka. Lakini baada ya 2010 Uingereza ilipunguza polisi wapatao 20,000 na kufunga mamia ya mahakama, na kesi zinazosubiri katika Mahakama za Crown, zinazosikiliza makosa makubwa, zimepita 70,000. Mwanamke aliyebakwa anaweza kusubiri miaka kabla ya kusikilizwa. Kumwongezea mbakaji adhabu katika karatasi hakumsaidii mwanamke ambaye kesi yake haijapangiwa hata tarehe.

Najua wanasiasa huogopa wapiga kura. Ila Bunge hilohilo liliwahi kuwa na ujasiri. Mwaka 1965 lilisimamisha adhabu ya kifo kwa wauaji, ingawa wananchi wengi walitaka kitanzi kibaki. Muswada uliletwa na mbunge asiye waziri, Sydney Silverman, na wenzake wakapiga kura kwa dhamiri zao. Walijua kwamba Timothy Evans alinyongwa mwaka 1950 kwa mauaji, kisha ikabainika kwamba jirani yake wa nyumba hiyohiyo, John Christie, alikuwa muuaji wa wanawake kadhaa, na shaka ikaenea kwamba aliyenyongwa hakuwa na hatia.

Kwa wafungwa wa IPP, hoja zimekwisha. Aliyeitunga adhabu hiyo amejuta, mahakama imeilaani, kamati ya wabunge imeonyesha njia. Kilichobaki ni Bunge kuagiza wahukumiwe upya, na wapiga kura wa Uingereza kuacha kumwadhibu kila kiongozi anayewaambia kwamba miaka mingi ya jela haijawaongezea usalama.