Onyo Liandikwe kwa Kiswahili

Katika soko la Kangemi, kando ya barabara ya Waiyaki, mchuuzi wa mitumba hutaja bei, mnunuzi akaipunguza, na baada ya maneno mawili matatu wakaafikiana. Aghalabu maneno hayo huwa ya Kiswahili. Soko la Hisa la Nairobi nalo liliendeshwa kwa sauti: madalali walikutana ana kwa ana wakiitana bei, hadi Septemba 2006 tarakilishi ilipoitwaa kazi hiyo. Tangu hapo mtambo ndio unaopatanisha maagizo ya kununua na ya kuuza. Bei iliyo bora hutangulia. Bei zikilingana, agizo lililowahi hushughulikiwa kwanza.

Kuunda jukwaa la kumfikisha mteja kwenye mtambo huo kupitia simu yake si kazi ndogo. Sharti liunganishwe na dalali mwenye leseni, na hifadhi kuu ya hisa, na njia ya malipo. Limtambue mteja na kuzuia wezi. Kazi hiyo ikiisha ndipo (bahati ikiwepo) mtu hukumbuka lugha. Tafsiri ya dakika ya mwisho hufikia vitufe vya "nunua" na "uza" ikakomea hapo, huku onyo la hatari likibaki katika Kiingereza cha mawakili.

Wapo watakaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi. Hoja hiyo ni dhaifu. Hisa, gawio, hatifungani, dalali na hasara ni maneno yanayotumika kila siku magazetini. M-Akiba, hatifungani ya serikali iliyouzwa kwa simu mwaka 2017 kuanzia shilingi 3,000, ilijitangaza kwa jina la Kiswahili, na hakuna aliyehitaji kamusi.

Hatari kubwa zaidi imo katika biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, iliyowekewa kanuni nchini Kenya mwaka 2017. Tuseme mteja mwenye shilingi 1,000 anaruhusiwa kununua sarafu za thamani ya shilingi 100,000 kwa fedha za kuazimwa. Bei ikienda kinyume kwa asilimia moja tu, akiba yake imekwisha. Sentensi hiyo moja, ikiwekwa juu ya kitufe cha "nunua", ingemfaa kijana wa Kangemi kuliko kurasa 20 za masharti.

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 humpa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike na huduma, nayo Ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na idai onyo la Kiswahili kabla ya kutoa leseni. Idara za Kiswahili nazo ziwapeleke wanafunzi wao kwa watunga programu mapema, mchoro wa kwanza unapochorwa.