Tumkumbuke Chachage hata huku kwenye maduara

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu nitoe dukuduku langu juu ya marehemu Profesa Chachage Seithy L. Chachage, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwandishi wa riwaya, aliyefariki dunia tarehe 9 Julai, 2006.

Watu wa Mlimani wanamkumbuka, na wana haki. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa UDASA, yaani jumuiya ya wanataaluma wa chuo hicho, na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Alikuwa na ulimi wa kuchekesha na kuchoma kwa wakati mmoja. Lakini huku kwetu, Kahama, Shinyanga na Geita, ukilitaja jina lake watu wengi wanakutazama tu. Hilo ndilo linalonisikitisha, maana mtu huyu aliandika habari zetu sisi.

Mwaka 1993 alishirikiana na Magnus Ericsson na Peter Gibbon katika utafiti juu ya madini ya Zimbabwe na Tanzania. Mwaka 1995 ikatoka sura yake nyingine, katika kitabu kilichohaririwa na huyo huyo Gibbon na kuchapishwa Uppsala, Sweden. Kichwa cha sura hiyo, kwa Kiswahili, ni kama kusema: wapole watairithi nchi, lakini haki ya madini hawataipata. Nani asiyeijua ahadi hiyo ya Injili kwa wapole? Mkia wake wa madini husemekana uliongezwa na tajiri wa mafuta wa Marekani, J. Paul Getty. Kinywani mwa tajiri ulikuwa mzaha wa mtu aliyeshiba. Chachage aliunyakua mzaha ule, akaubandika juu ya habari za machimbo ya Tanzania, ukageuka mashtaka. Maneno ni karibu yale yale, ila msemaji amebadilika. Mimi sijaona ucheshi wenye makali kuliko huo katika maandishi ya wasomi wetu.

Anayetaka kujua mashtaka hayo yana maana gani na aende kwenye duara lolote la Nyarugusu au Lwamgasa. Vijana wanashuka chini kwa kamba, wanapiga mwamba, wanapandisha mawe. Mifuko ya mawe ikifika juu hugawanywa: mwenye leseni anachukua fungu lake, mwenye duara lake, na kinachobaki wanagawana walioshuka shimoni. Kisha mawe yanakwenda kwenye karasha, yanasagwa, yanaoshwa, na dhahabu inakamatwa kwa zebaki. Lakini zebaki hukamata sehemu tu. Dhahabu nyingi inabaki ndani ya ule mchanga tunaouita marudio, na kwa kawaida marudio ni ya mwenye mtambo. Yeye huyatia sayanaidi akapata dhahabu yake kwa utulivu, wakati kijana aliyevunja mwamba amekwisha rudi shimoni kutafuta mfuko mwingine. Mpole huyo, Ndugu Mhariri, amerithi nini?

Sheria nayo ina historia yake. Tangu enzi za mkoloni, mwenye shamba na mwenye madini yaliyo chini ya shamba ni watu wawili tofauti. Sheria ya Madini ya mwaka 1979 ilisema madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Sina ugomvi na hilo, maana madini yakiwa ya taifa zima ni vizuri zaidi kuliko kuwa ya mtu mmoja. Swali ni taifa linampa nani karatasi ya kuchimba, na hapo ndipo Chachage alipoweka kidole.

Sasa tazameni miaka. Kitabu kilitoka mwaka 1995. Mwaka uliofuata, Agosti 1996, maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kuipisha kampuni ya kigeni. Madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni, ambayo Serikali iliyakanusha, yalibishaniwa kwa miaka mingi. Ni wachimbaji wangapi pale Bulyanhulu waliokuwa wamesoma maneno ya Chachage? Yalikuwa kwa Kiingereza, ndani ya kitabu kilichopigwa chapa Ulaya. Sisemi kwamba kitabu kingesimamisha magari. Ila mtu anayekwenda kubishana juu ya leseni akiwa anajua historia ya leseni hawi sawa na anayekwenda na machozi tu.

Watu wengine watasema marehemu alikwisha lipa deni lake kwa kuandika riwaya za Kiswahili. Ni kweli aliandika: Sudi ya Yohana, Kivuli, Almasi za Bandia, na mwaka 2002 Makuadi wa Soko Huria. Jina la Almasi za Bandia peke yake lingemsimamisha mnunuzi yeyote wa Maganzo, pale jirani na Mwadui. Na Makuadi! Kuwadi kila mtu anamjua: mapenzi si yake, mwili si wake, lakini ujira ni wake. Kuwaita hivyo watu wanaosimama katikati ya mali ya nchi na mgeni mwenye fedha, hilo ni neno moja lililofanya kazi ya hotuba nzima. Lakini riwaya ile imeegemea mambo ya delta ya Rufiji, ambako kampuni ilitaka kufuga kambamiti katika miaka ya 1990 na wanavijiji wakapinga. Watu wa Rufiji wamepata kitabu chao kwa lugha yao. Sisi wa dhahabu tumeandikwa kwa lugha ya wafadhili. (Niliulizia Makuadi katika maktaba moja ya huku. Mhudumu akanielekeza kwenye rafu ya vitabu vya biashara.)

Tusiambiwe kwamba mambo ya madini hayasemeki kwa Kiswahili. Mwaka 2017, Serikali ilipozuia makontena ya mchanga wa dhahabu kwenda nje, neno makinikia lilienea nchi nzima kwa wiki chache. Mwendesha bodaboda wa Kahama alibishana na abiria wake juu ya shaba na fedha iliyomo ndani ya mchanga ule. Mimi nilisikia ubishi wa maana kabisa.

Ni haki pia kusema kwamba mengine yamebadilika tangu Chachage atutoke. Mwaka 2019 mchimbaji mdogo alipunguziwa kodi, na Machi mwaka huo huo soko la madini likafunguliwa Geita, mtu akaweza kuuza gramu zake hadharani bila kujificha. Angekuwapo angeyasema hayo, kisha nina hakika angeuliza ni nani anayesimama kati ya mchimbaji na mlango wa soko hilo.

Wapo watakaoona si vyema kumsifu, katika gazeti la Serikali, mtu aliyeikosoa Serikali waziwazi. Nawaambia kwamba waliokuwa wakisifu tu hawakutuachia hata ukurasa mmoja juu ya maduara.

Kwa hiyo nawaomba Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na familia ya marehemu na wachapishaji wenye haki, watafsiri sura ile ya mwaka 1995 kwa Kiswahili, iwe kijitabu chembamba cha bei ndogo. Bodi ya Huduma za Maktaba nayo itufikishie riwaya zake Shinyanga, Kahama na Geita. Na vyama vya wachimbaji vinunue nakala kadhaa, visisubiri mfadhili. Wahusika watujibu kupitia ukurasa huu.

Msomaji wako,
Kahama, Shinyanga.